Kiinua Mgongo

Chukua funguo, Tobias. Huu mdogo wa shaba
ni wa kabati lisilofungika; lisukume kwa goti,
litakubali. Dirisha linatazama Ziwa Erie,
ila Februari ziwa halitazamiki:
jeupe, limekakamaa
kama shahidi aliyefundishwa mno.

Miaka thelathini na minne nimeketi hapa.
Nilipofika Cleveland walinitupia kesi ya bolti:
makontena kumi na moja, hesi zimekatwa kombo,
mnunuzi hataki kulipa, muuzaji hataki kusikia.
Nililala na bolti moja chini ya mto
(cheka tu) hadi nikajua
ni nusu milimita ngapi humgeuza rafiki kuwa mdaiwa.

Kisha ndugu wawili, Lajos na Ferenc Szabo,
warithi wa kiwanda cha rangi,
walioacha kusalimiana wakabaki kuandikiana viapo.
Mama yao alikuja kila siku,
akakaa katikati, upande usio wa mtu,
anafuma soksi. Jaji alimruhusu sindano.
Hukumu siikumbuki.
Soksi naikumbuka. Ilikuwa moja.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Mimi nimeipima: kurasa laki mbili na elfu sita,
kila ukurasa una namba chini, kuliani,
na nilizitembea zote kwa ajili ya Desmond Haverkamp,
mkurugenzi wa fedha, mtu wa sauti ndogo,
aliyekuja na mkate wake kwenye karatasi
akaula kwenye korido, asije akatozwa kiti.
Serikali ilisema tarakimu zilihama usiku
kutoka mfuko wa wastaafu, zikavuka barabara,
zikaingia nyumba zisizo na milango.

Sasa sikia. Baba yangu alikuwa mtu wa tanuri.
Miaka ishirini na tisa alikula moto wa chuma,
wakamwahidi kiinua mgongo,
na mgongo ulikuwa umeinama vya kutosha,
uko tayari kabisa kuinuliwa.
Kilichofika ni barua.
Aya mbili. Waliikosea herufi ya jina.

Dada yangu Marjeta aliniuliza mezani:
"Watu walewale! Unawezaje?"
Nikamjibu kwa katiba.
Akasema, "Nipitishie chumvi."

Shahidi wao alikuwa mhasibu, Bi Okonski,
mwanamke mkweli, nadhani, mwenye mafua.
Nilimwuliza kwa upole. Upole ndio kisu, Tobias,
ukali ni ala tu.
"Hapa umeandika tarehe thelathini na moja Juni?"
Akatazama. Akahesabu vidole chini ya meza,
nikamwona.
Siku ambayo Mungu hakuiumba
ilitosha kuwatia shaka watu kumi na wawili.
Walijifungia siku nne. Wakatoka bila kumtazama:
hana hatia.
Mkono wake ulikuwa wa moto, kama mkate.

Kama alifanya? Sikumwuliza.
Hatuulizi. Utajifunza kutouliza
hadi nyumbani, hadi kwa daktari.

Tangu hapo, kila Desemba, sanduku la mapeasi,
kila tunda limevishwa karatasi ya dhahabu.
La kwanza nilimpelekea baba.
Alikata kwa kisu cha mfukoni, vipande vyembamba,
majimaji yakamchuruzika hadi kiwiko.
"Matamu," akasema. "Ya nani?"
"Ya mteja."
"Mtu mwema huyo," akasema,
akaomba jingine, nikalimenya mimi mwenyewe,
maganda nikayatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kalamu zangu zimo ndani ya sanduku hilo.
Baki nazo, mbili bado zinaandika.
Desemba litaletwa jipya, kwa jina langu;
kula, gawa, rudisha, shauri yako.
Mleta mizigo ni kijana mwenye haraka.
Atakunyooshea karatasi, atakuomba sahihi.

Mimi, miaka yote hiyo,
nilimpa saini.